Alama ya kutoa

"Sasa mwanangu, bahari inavuta au inatoa?"

Nahodha wetu aliniuliza hivyo siku ya kwanza, tulipozima mashine nje ya mwamba upande wa mashariki wa Unguja. Ilikuwa Desemba, kaskazi ndiyo kwanza inaingia. Nilikuwa nimemweleza njiani kwamba uso wa bahari ni kama mlango: hewa ukaa inaingia majini na kutoka, usiku na mchana, na mimi kazi yangu ni kuandika modeli ya kukadiria inapita kiasi gani na inaelekea wapi. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza hilo moja tu. Katika miaka yote ya masomo yangu sijaulizwa swali lililonisumbua kama hilo, kwa sababu nilimjibu mara tatu, na kila mara jibu lilikuwa tofauti na lililotangulia.

Kifaa tulichokuwa nacho kilikuwa bomba nene la plastiki lililosimamishwa wima na kufungwa kwa kamba kwenye ubavu wa chombo. Pampu ilivuta maji ya bahari, maji yakapita kwenye mpira mrefu mweusi uliolala sitahani, yakaingia juu ya bomba na kunyunyiza ndani kama mvua. Humo ndani mna hewa kidogo isiyo na pa kutokea. Baada ya dakika kadhaa hewa ile na maji yale huwa vimekubaliana: gesi inayotoka majini ni sawa na inayorudi. Hapo unaivuta hewa ile kwenye mashine inayopima hewa ukaa kwa miale ya infraredi, ukajua maji yana shinikizo gani la gesi hiyo. Nilikaa nimeinamia kioo cha mashine, chumvi imenikauka usoni, nikitazama namba zikishuka, zikipanda kidogo, hatimaye zikatulia kwenye 412. Kipimo chake ni maikroatmosfia, yaani sehemu moja ya milioni ya shinikizo la hewa yote inayotuzunguka.

Nyumbani usiku nikaiweka namba hiyo kwenye modeli. Kiini cha modeli ni mstari mmoja tu. Unachukua shinikizo la hewa ukaa majini, unatoa lile la angani. Tofauti unaizidisha kwa umumunyifu, yaani jinsi maji ya joto lile na chumvi ile yanavyoweza kuibeba gesi, halafu unazidisha kwa kasi ya uhamisho ambayo hutegemea zaidi upepo. Basi. Maji yakiwa na shinikizo kubwa kuliko hewa, jibu ni chanya na bahari inatoa. Yakiwa na dogo, jibu linakuja na alama ya kutoa mbele yake, na hapo maana yake ni kwamba bahari inavuta. Alama ya kutoa ikimaanisha kuvuta: hilo peke yake lilinichukua muda kulizoea.

Kwa upande wa hewa nilipakua takwimu zilizo wazi kwa kila mtu, zile zinazotokana na vituo vya aina ya Mauna Loa, Hawaii, ambako Charles Keeling alianza kupima mwaka 1958. Wakati ule zilikuwa zinakaribia sehemu 420 kwa milioni. Nikatoa 420 kwenye 412, nikapata hasi 8. Nikampigia simu nahodha asubuhi yake: "Mzee, inavuta." Akafurahi. Nilisikia akimwambia mtu aliyekuwa karibu naye.

Nilikaa na jibu hilo wiki tatu. Nikachora grafu nzuri, nikaipeleka kwa mtafiti aliyekuwa akinisimamia, mama mmoja ambaye hana maneno mengi. Aliitazama, akaweka kidole kwenye mstari wa hewa.

"Hii mia nne na ishirini yako, ni hewa kavu au hewa ya baharini?"

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, bila kunidharau. Vituo vile hukausha hewa kabla ya kuipima, ili mvuke usiwavuruge. Kwa hiyo 420 ni sehemu kwa milioni ya hewa isiyo na tone la unyevu. Lakini hewa iliyogusana na uso wa bahari imeshiba mvuke, na mvuke nao ni gesi, unachukua nafasi yake katika shinikizo la jumla. Kwenye maji ya nyuzi 28 mvuke peke yake unachukua karibu asilimia 3.7 ya shinikizo lote. Ukiuondoa, hewa ukaa haina tena 420 bali kama maikroatmosfia 405. Mashine yangu ya chombo, kwa upande wake, ilikuwa imeshauhesabu mvuke kwenye namba ya maji. Nilikuwa nimelinganisha kitu kibichi na kitu kikavu.

412 toa 405 ni chanya 7. Bahari inatoa.

Wapo watakaosema maikroatmosfia 15 ni kitu gani. Kwenye maji baridi ya bahari za kaskazini, ambako wakati wa machipuko mimea midogo sana inayoelea majini hunywa hewa ukaa hadi tofauti na hewa ikafika mia moja na zaidi, mtu anaweza kukosea 15 na bado akapata mwelekeo sahihi. Huku kwetu hapana. Maji ya joto ya tropiki mbali na pwani huwa karibu kabisa na hewa iliyo juu yake, na tofauti nzima unayoitafuta inaweza kuwa ndogo kuliko kosa la kusahau mvuke. Na ndiko huku maji yalikojaa joto, kwa hiyo mvuke ni mwingi kuliko kwingine. Mtu anayejifunza kazi hii kwa mifano ya Atlantiki ya Kaskazini anaweza kumaliza masomo bila kuumia pale nilipoumia mimi.

Nikampigia nahodha tena. Nilieleza habari ya mvuke, akanyamaza kidogo, akasema, "Basi inatoa." Sauti yake haikuwa ya furaha, na mimi nilijisikia vibaya, maana nilijua ameshaisimulia ile ya kwanza barazani.

Tulirudi baharini Januari, na safari hii nilikuwa na wasiwasi na kila kitu. Jua lilikuwa kali. Nikakaa juu ya ule mpira mweusi bila kufikiri, nikaruka. Ulikuwa wa moto. Nilikaa pale nimeushika kwa kiganja, nikihisi maji ya bahari yakipita ndani yake kuelekea kwenye chemba yangu, lile bomba la plastiki. Nikatumbukiza kipimajoto ubavuni mwa chombo, kisha nikakiweka kwenye maji yanayotoka chemba. Tofauti: nyuzi 0.8.

Hilo jambo lina kanuni yake inayojulikana sana. Takahashi na wenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba maji ya bahari yakipashwa nyuzi moja bila kuongezwa wala kupunguzwa chochote, shinikizo la hewa ukaa ndani yake linapanda kwa asilimia 4.23. Ni kama chupa ya soda iliyoachwa juani. Nyuzi 0.8 ni asilimia 3.4, na asilimia 3.4 ya 412 ni 14. Maana yake, kama mpira ulipasha vilevile siku ile ya Desemba, na sikuwa na sababu ya kuamini vinginevyo, maji yenyewe yalipokuwa bado baharini hayakuwa na 412. Yalikuwa na 398.

398 toa 405 ni hasi 7. Inavuta.

Nilikaa sana na karatasi ile. Jibu la kwanza kabisa, hasi 8, na jibu la mwisho, hasi 7, ni karibu kitu kimoja. Makosa mawili yenye ukubwa unaofanana yalikuwa yamesimama pande mbili za mzani, moja likilifunika jingine, nami nilipolisahihisha moja tu nikawa mbali zaidi na ukweli kuliko nilipokuwa sijui lolote. Tangu hapo jibu likinipendeza siachi kulifungua. Ninaandika kila namba ilikotoka: imepimwa kwa kipimajoto kipi, kina gani, hewa ya namna gani. Daftari langu la sasa lina safu zaidi ya maelezo kuliko za vipimo.

Kasi ya uhamisho nayo ina habari yake, na hapo tulienda mrama kwa njia nyingine.

Kati ya maji na hewa kuna utando wa maji mwembamba sana, mwembamba kama unywele, ambao haukorogeki. Gesi inaupita kwa kupenyeza, molekuli moja moja. Liss na Slater walilieleza hilo kwa ufasaha mwaka 1974, na picha yao ya tabaka mbili, moja ya hewa na moja ya maji, bado ndiyo tunayoanzia. Hewa ukaa haisumbuliwi na tabaka la hewa, kikwazo chake ni utando wa maji. Upepo ukivuma unaukonda, mawimbi yakivunjika yanauchana, mapovu yanazama na hewa ndani. Ndiyo maana kanuni nyingi huchukua kasi ya upepo katika kimo cha mita 10 na kuipandisha kipeo cha pili. Wanninkhof mwaka 1992 aliweka mbele yake kizidisho 0.31, kikitegemea kwa sehemu kubwa kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi, iliyotawanywa na majaribio ya mabomu ya nyuklia na kuingia baharini. Mwaka 2014 alikirekebisha kuwa 0.251. Mimi nilinakili 0.31 kutoka kazi ya zamani bila kutazama tarehe, na kwa hilo tu mtiririko wangu wote ulikuwa umevimba kwa karibu robo. Hilo lilirekebishwa kwa dakika moja.

Ambalo halikurekebishwa kwa dakika moja ni kipeo cha pili chenyewe. Chukua siku mbili, moja ina upepo wa mita 3 kwa sekunde na nyingine 11. Wastani ni 7, na 7 kipeo cha pili ni 49. Sasa pandisha kwanza: 9 na 121, wastani wake 65. Bahari ileile, siku zilezile, na tofauti ni theluthi nzima. Siku moja ya upepo mkali hufanya kazi ambayo siku nyingi za shwari haziwezi kuifidia. Mimi nilikuwa natumia wastani wa mwezi, kwa sababu faili lilikuwa dogo na intaneti yangu ilikuwa ya kubahatisha.

Lakini si hivyo tu. Niliichapisha grafu ya upepo ya mwaka mzima nikampelekea nahodha, kwa kuwa nilidhani angependa kuiona, na kwa kuwa nilihisi nina deni kwake la jambo zuri. Tulikaa kwenye jiwe nje ya nyumba yake. Akaifuata kwa ukucha: Januari, Februari, kaskazi hiyo, sawa. Juni, Julai, kusi, sawa. Akarudi nyuma, akasimama kwenye mwezi wa maleleji.

"Huku hakuna upepo?"

Mstari ulikuwa umelala karibu na sifuri. Nikasema ni majira ya kubadilika, upepo unakuwa mchache.

"Mchache ndiyo. Hakuna, hapana. Asubuhi unakuja huku, jioni unakuja kule, na mvua ikiwa njiani unapigwa na dhoruba. Tangambili hiyo. Hivi nani kakwambia watu wanapiga makasia mwezi mzima?"

Nilirudi kwenye faili. Upepo huhifadhiwa vipande viwili, kipande cha mashariki na magharibi, na kipande cha kaskazini na kusini, kila kimoja na alama yake. Nilikuwa nimepiga wastani wa vipande hivyo kwa mwezi, kisha ndiyo nikatafuta kasi. Upepo wa mita 6 kutoka kaskazini na wa mita 6 kutoka kusini, ukivipigia wastani namna hiyo, vinauana na kubaki sifuri. Utando wa maji haujali upepo umetoka wapi, unachanwa na wote wawili. Wakati wa kusi iliyoshika, upepo ukitoka upande mmoja wiki hadi wiki, kosa langu lilikuwa dogo na halikuonekana. Mahali ambapo pepo hugeuka, nami nimezaliwa mahali ambapo pepo hugeuka, lilikuwa limefuta miezi mizima.

Nikapakua upepo wa saa kwa saa. Ilinichukua usiku nne kwenye intaneti ile. Sasa kasi inapigwa kwanza kwa kila saa, inapandishwa kipeo cha pili, ndipo wastani. Na upepo tunaoupima wenyewe kwenye mlingoti, mita 4 juu ya maji, naupeleka kwanza kwenye kimo cha mita 10: kama asilimia 8 zaidi, ambayo ikishapandishwa inakuwa 17.

Kuna jambo moja katika modeli hii ninalolipenda, na sijui kama linapata sifa linayostahili. Maji ya moto yana mnato mdogo na gesi hupenya humo upesi, kwa hiyo kwenye nyuzi 28 kasi ya uhamisho ni kubwa kwa asilimia 20 hivi kuliko kwenye nyuzi 20. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilidhani bahari yetu basi inapumua kwa haraka kuliko za wenzetu. Halafu ukaangalia umumunyifu, kwa kanuni aliyoiweka Weiss mwaka 1974: maji yaleyale ya moto hubeba gesi kidogo, karibu asilimia 19 pungufu. Zidisha vyote viwili, unarudi karibu palepale ulipoanzia. Nilifanya hesabu hiyo kwa mkono mara mbili. Joto linalokupa kwa mkono wa kulia linakunyang'anya kwa wa kushoto, na kinachobaki cha kuamua ni upepo na ile tofauti ndogo ya shinikizo. Lile joto lililonipotosha kwenye mpira mweusi lina nguvu kwa sababu linaingia kwenye tofauti, siyo kwenye kizidisho.

Na tofauti ile, hata ikiwa ndogo, inadumu. Oksijeni ikizidi au ikipungua katika tabaka la juu lenye kina cha mita 50, wiki mbili tatu zinatosha kuirudisha sawa na hewa. Hewa ukaa inachukua miezi, hata kukaribia mwaka. Sababu ni kwamba ikishaingia majini haikai kama gesi: sehemu kubwa sana, kama asilimia 90, hugeuka bikaboneti, na inayobaki gesi haifiki asilimia moja. Kuibadilisha hiyo moja lazima ubadilishe ghala zima. Kwa hiyo maji niliyoyapima mbele ya Unguja Desemba yalikuwa bado yanakumbuka mambo ya miezi iliyopita, yalikopita, yalipokorogwa na kusi, yalipopashwa na jua. Modeli ya mahali pamoja na siku moja haiwezi kuyajua hayo. Ninaijenga upya sasa iwe na tabaka la juu linalokumbuka.

Nahodha nilimwendea mwenyewe, simu sikuiona inafaa. Shikamoo, marahaba, kahawa. Nikamweleza vyote, mvuke na mpira na pepo zilizouana kwenye faili. Nikamwambia kwamba siku ile, mahali pale, ilivuta, na kidogo sana. Nilimpa kipimo: kwa upepo wa mita 7 na tofauti kama ile, mita moja ya mraba ya bahari hupitisha kwa siku nzima kaboni yenye uzito usiofika nusu ya punje ya mchele. Nikamwambia pia kwamba nikijumlisha mashaka ya vipimo vyetu, kuna siku nyingi ambazo siwezi kuapa ni kuvuta au kutoa, na kwenye grafu mpya siku hizo nimeziwekea mkanda unaovuka sifuri juu na chini. Bahari zote za dunia kwa ujumla huvuta kama robo ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za watu, hilo halina ubishi, lakini jumla hiyo imetokana na maji yanayovuta na maji yanayotoa, na haya ya kwetu bado yamepimwa kidogo mno.

Alimwaga machicha ya kahawa, akafikiri.

"Hiyo punje ya mchele," akasema, "ni kwa mita moja."

"Mita moja."

Akatazama nje, ambako ungeweza kuona maji mpaka macho yanapoishia.

Tumepanga kutoka tena wiki ijayo, maji mafu, ili mkondo usitusumbue. Nimeukata mpira, umebaki mita mbili, nimeuvika gunia ambalo tutalilowesha. Vipimajoto ni viwili sasa, kimoja kitashuka na pampu. Nahodha ameomba karatasi ya kuandikia joto yeye mwenyewe kila robo saa, kwa sababu mimi nikiinamia mashine huwa sioni kitu kingine.